Gari ya Upatu

Gari ilifika nyumbani kwetu kabla mama hajajua kuiendesha. Aliyeileta ni mwalimu wa Kisudani aliyekuwa akirudi kwao, mizigo yake imeshafungwa. Aliiegesha nyuma ya nyumba, pale ukuta unapotia kivuli asubuhi, akampa mama funguo mbili na kitambaa cha kufutia vumbi, akaondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulisimama uchochoroni, mama, baba na mimi, tukaikabili kama watu waliopokea mgeni wasiyeijua lugha yake. Ilikuwa rangi ya samawati, lakini jua la Maskati lilikuwa limeshaifuta rangi ile juu ya paa na juu ya boneti, ikabaki nyeupe nyeupe kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Baba hakuitazama. Aliipapasa. Alianzia taa ya mbele, akapita kwenye boneti, kioo, mlango, mpaka nyuma, polepole, na alipofika kwenye kibonyeo kidogo ubavuni akasimama hapo na vidole vyake.

"Hapa iligongwa," akasema. "Wamenyoosha vizuri."

Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Ujanani aliendesha malori bara, huko Tabora alikozaliwa, na tulipohamia Maskati akapata kazi ya kuendesha gari za ofisi moja ya serikali. Kisha sukari ikamla macho. Haikuja kwa siku moja. Ilikuja kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Mwanzo wa miaka ya tisini akawa anaona mwanga na vivuli tu, akapewa malipo yake ya kustaafu, madogo, akarudi nyumbani kwetu Hamriya kukaa kwenye kiti karibu na dirisha.

Mama yeye alitoka Unguja. Alikuwa farasha katika skuli ya wasichana isiyo mbali na kwetu: anafagia madarasa, anapika chai ya walimu, anafunga milango watu wakishaondoka. Kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kutoka, kila siku aliwaona walimu wanawake wamesimama nje ya geti saa saba na nusu, jua limesimama juu ya vichwa vyao, wakingoja teksi. Teksi za kuchangia zilipita zimejaa wanaume, na walimu hawakutaka kujibana humo. Wakangoja nyengine. Mama akifunga geti anawaacha pale pale.

Siku moja tunakula chakula cha mchana, akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Walimu wanne wanakaa upande huu huu wetu. Kama mtu angekuwa na gari, akawachukua asubuhi na mchana, wakamlipa kwa mwezi..."

"Mtu gani?" baba akauliza.

"Mtu tu."

Baba akatafuna. Nadhani alishaelewa, na nadhani lilimchoma, kwa sababu hakumaliza wali wake. Lakini hakusema hapana.

Benki isingempa mama mkopo. Alikwenda mara moja, akaulizwa barua ya mshahara, na barua ya farasha haikuwa na uzito wowote pale. Kilichokuwepo ni upatu. Wanawake kumi na wawili wa mitaa yetu, wengi wao wametoka Unguja na Pemba na bara kama sisi, kila mwezi walikutana nyumbani kwa kijumbe, bibi mmoja mkubwa aliyeshika fedha zao. Kila mmoja anatoa riali ishirini, na fungu zima anapewa mmoja, mwezi huu huyu, mwezi ujao yule, mpaka wote wapate. Hakuna riba wala fomu. Kuna aibu tu, na aibu ile ilikuwa na nguvu kuliko saini.

Zamu zilichaguliwa kwa vikaratasi. Mama alinichukua siku hiyo. Nakumbuka zulia, harufu ya udi, na birika la kahawa likipita mkono kwa mkono. Kijumbe alitikisa kikombe chenye vikaratasi, kila mmoja akatoa chake. Mama akapata ya kumi. Akakikunja kile kikaratasi tena kama kilivyokuwa, akakishika tu. Mwalimu wa Kisudani alikuwa anaondoka baada ya siku tisa, na bei aliyoitaja ni ya mtu anayeondoka.

Zamu ya kwanza ilimwangukia jirani yetu wa ukuta mmoja. Huyu alikuwa shoga yake mama tangu walipofika Maskati. Alikuwa mjane, akishona kofia kwa mkono na kuziuza kwenye duka moja la Matrah. Mimi nikimwita mama mdogo. Sote tulijua fedha zile alizitakia nini: tiketi ya kwenda Unguja kumwona mama yake, ambaye alikuwa hajamwona kwa zaidi ya miaka ishirini.

Akamtazama mama, akatazama kile kikaratasi kilichokunjwa.

"Shoga, nini?"

"Hamna kitu."

"Ndiyo ile gari?"

Jirani akanyoosha mkono, akakichukua kikaratasi cha mama, akaweka chake mahali pake.

"Chukua yangu. Mama yangu haendi popote."

Wanawake wakacheka kwa upole, mtu akamimina kahawa, na jambo likaisha. Ndivyo tulivyopata gari. Nusu nyengine ya bei mama aliitoa kwenye bangili mbili kati ya zile alizovaa.

Sasa gari ikawa imekaa tu. Mama alikuwa hajapata leseni, na baba hakuwa na macho. Kila siku baada ya sala ya alasiri, ukuta ukianza kutoa kivuli upande wa pili, baba alimwambia mama, "Haya, twende." Tukatoka sote watatu. Mama akakaa nyuma ya usukani, baba kando yake, na mimi kiti cha nyuma ambacho plastiki yake iliunguza mapaja. Vioo tukavishusha. Injini haikuwashwa.

"Kanyaga klachi mpaka mwisho," baba akisema. "Tia gia ya kwanza. Achia kidogo kidogo, kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea. Haya. Tumeondoka."

Na tukaondoka. Mimi naapa tuliondoka. Baba alikuwa na barabara zote za Maskati kichwani mwake, kila kona na kila tuta, na alizitoa moja moja kwa sauti ya chini. Tumetoka Hamriya. Tumefika Ruwi, kuna kipilefti mbele. Neno hilo alikuja nalo kutoka bara. Mama alisema dawari, kama Waarabu, wakabishana kidogo huku gari inazunguka. Kisha Wadi Kabir, magereji, lori linarudi nyuma, ngoja lipite. Kisha mlima wa kwenda Bustan.

"Hapa punguza. Gia ya pili. Injini inalia, isikilize, inakwambia inataka nini. Usiangalie bonde. Sasa tumefika juu. Mnaona nini?"

"Bahari," nikasema mimi kutoka nyuma, macho nimefumba.

"Na hoteli kubwa," akasema mama.

"Haya, shuka taratibu."

Siku nyengine barabara ilimtoka baba mkononi. Alianza na Ruwi, lakini baada ya muda sauti yake ikawa ndogo, na tukajikuta tuko bara, mvua inanyesha, matope mekundu yanafika katikati ya tairi, punda wanavuka njia. Mama akakanyaga breki kweli kweli kwa ajili ya wale punda. Hakumwambia kuwa amepotea. Alishika usukani akampeleka alikotaka. Mimi mara nyingi nilisinzia, na nilipoamka nilichungulia dirishani nikaona ukuta wetu ule ule, na waya wa kuanikia nguo, nikasikia huzuni ndogo ya mtu aliyerudishwa nyumbani mapema.

Mafunzo yenyewe mama aliyapata kwa mwalimu wa gari, mzee mmoja mtaratibu kutoka bara la Omani, mwenye gari yake yenye michirizi myekundu. Alilipwa kwa saa. Mama hakupenda kukaa peke yake na mwanamume asiye wake ndani ya gari, basi jirani yetu akajitolea kumsindikiza. Alikaa nyuma na kofia yake na sindano. Mama akizima injini kwa ghafla, tulikuwa tukisikia baadaye, mwalimu alisema "La hawla", na jirani alisema "Uwi!" kwa sababu sindano imemchoma. Alirudi na vidole vimefungwa vitambaa. Kofia moja ya miezi ile ilikuwa na doa dogo la damu ndani, na mwenye duka akaikataa. Alimpa baba, na baba akaivaa miaka mingi bila kujua.

Mtihani ulikuwa na sehemu ya mapipa. Mapipa yamepangwa mawili mawili, na mtu atakiwa kurudi nyuma aingize gari katikati bila kuyagusa. Mama akaligusa moja. Askari akasema, "Marra thaniya," yaani mara nyengine. Mwezi uliofuata akaligusa tena. Mara ya tatu aliliangusha kabisa, likabiringika mpaka miguuni kwa watu waliokuwa wakingoja zamu zao.

Nyumbani hakuna aliyeyataja mapipa. Lakini kila mwisho wa mwezi riali ishirini za upatu zilitakiwa, na za mwalimu wa gari, na gari haijaingiza hata baisa moja. Bangili za mama zilitoka mkononi mwake moja baada ya moja. Nilizoea kumsikia akija kwa mlio wake. Akawa anaingia chumbani kimya, na mimi nashtuka. Kilichomuumiza zaidi, alinambia nilipokuwa mkubwa, si zile bangili. Ni kwamba jirani hakuuliza hata siku moja. Alipita asubuhi, akaiona gari imekaa ukutani na vumbi lake, akasalimia, akaenda Matrah na kofia zake.

Mara ya nne baba alisema atakwenda naye. Alikaa kwenye benchi karibu na uwanja wa mtihani, mikono juu ya fimbo yake, nami kando yake. Nilitaka kumweleza kinachotokea.

"Nyamaza," akasema. "Nasikiliza."

Gari ikaanza kurudi nyuma. Injini ilipanda, ikashuka, ikapanda. Nikafumba macho kama yeye. Joto lilikuwa limetulia juu ya kila kitu, na mahali fulani mtu alikohoa. Kisha injini ikasimama, kukawa kimya.

"Sikusikia pipa," baba akasema. Na akaanza kutabasamu kabla askari hajaandika kitu.

Walimu wanne ndio waliokuwa abiria wake wa mwanzo. Siku ya kwanza aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini, akaondoka asubuhi sana, polepole hivi kwamba paka aliipita gari uchochoroni. Baba hakuweza kwenda, kwani viti ni vya wanawake. Alibaki amesimama mahali ilipokuwa gari, kwenye mraba wa ardhi usio na vumbi, mpaka mama aliporudi baada ya saa moja na nusu. Mama akafungua mlango akakaa vile vile, miguu nje.

"Nimefika," akasema. "Nimewafikisha wote, nikarudi."

Baada ya miaka miwili akaacha ufarasha. Si kwamba tulitajirika. Tulipata vitu ambavyo mtu akivitaja vinakuwa vidogo: nyama hata siku isiyokuwa Ijumaa, sare yangu mpya ya skuli kutoka dukani badala ya ile ya binti wa kijumbe, dawa za baba zikinunuliwa kabla hazijaisha. Lakini kitu kilibadilika katika sauti ya mama. Alizoea kuuliza, akaanza kusema. "Mwezi huu tutapaka rangi." Baba aliitikia tu, na sijui kama alifurahi kila mara. Kuna mchana nilimkuta amekaa ndani ya ile gari peke yake, mkono juu ya gia, nikarudi ndani bila kumsalimia.

Siku za Alkhamisi, skuli zimefungwa, nilikwenda na mama. Alibeba bibi harusi na makungwi wake, akabeba wagonjwa, wazazi na vichanga vyao, wanawake na majaba ya achari. Kila wiki alimchukua kijana mmoja wa kike aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika ile hoteli ya Bustan, na hivyo nikaipanda kwa kweli ile njia ya mlima niliyokuwa nimeshaipanda mara nyingi gari ikiwa imekaa ukutani. Haikufanana. Ile ya baba ilikuwa ndefu zaidi, na bahari yake kubwa zaidi. Lakini nilikuwa nikifumba macho tukikaribia juu, na vivuli vya majabali vikipita kwenye kope zangu, cheusi, chekundu, cheusi, na wanawake nyuma wakizungumza Kiswahili na Kiarabu katika sentensi moja, sauti zao zikichanganyika na upepo, na sikujua tena niko njia ipi.

Kisheria, gari ya nyumbani haikuwa ya kubeba watu kwa malipo. Askari mmoja alitusimamisha mara moja tu. Akauliza hawa ni nani. Mama hajafungua mdomo, wanawake watatu kutoka kiti cha nyuma wakasema pamoja, "Khala yetu!" yaani mama yetu mdogo. Askari akawatazama, hakuna mmoja aliyefanana na mwenzake, akatupisha.

Lakini nyuma kidogo, mwaka ule ule wa kwanza wa gari, zamu ya kumi ilifika. Jirani akapokea fungu lake, akanunua tiketi na kanga na dawa za maumivu, na kitambaa cheupe akakishona mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Mama alimpeleka uwanja wa ndege wa Seeb. Jirani alikuwa na furaha ya kitoto. Njia nzima alishika mkoba mapajani kwa mikono miwili.

Alikaa wiki sita. Aliporudi tulikwenda kumpokea, mama na mimi. Alikuwa amenenepa kidogo na amepata weusi mzuri wa jua la kwetu. Akakaa mbele, mimi nyuma na mizigo iliyonukia karafuu. Tulikwenda muda mrefu akisimulia habari za watu wengine, nani kaolewa, nani kajenga. Mama akasubiri. Mwisho akauliza mwenyewe.

"Na mama, ulimkuta vipi?"

"Mzima. Anakula vizuri. Anatembea."

"Alhamdulillahi. Alifurahi?"

Jirani akatazama nje, mitende ya kando ya barabara ikipita.

"Aliniuliza mimi mtoto wa nani."

Mama akapunguza mwendo.

"Kila asubuhi aliniuliza. Nikimwambia, anasema masha Allah, karibu, umeshakunywa chai? Dada yangu kasema kabla ya Ramadhani hii iliyopita alikuwa na akili zake zote. Akinitaja kila siku. Akiweka na chakula changu kando."

Niliona shingo ya mama kwa nyuma ikikakamaa. Alikuwa akihesabu miezi. Hata mimi nilihesabu. Zamu ya kwanza ilitoka muda mrefu kabla ya Ramadhani ile. Mama akaiweka gari pembeni ya barabara kuu, hivi hivi, bila kutoa ishara, akashika usukani kwa mikono miwili na akainamisha kichwa. Gari zilitupita zikipiga honi ndefu.

"Shoga," akasema, "nisamehe."

"Endesha," jirani akamjibu. "Utatugongesha hapa. Endesha twende nyumbani."

Baada ya siku ile mama hakutaka kuchukua nauli yake. Jirani akienda Matrah na kofia zake, mama alifunga kiganja. Jirani akiacha fedha juu ya dashibodi, mama alizirudisha kwa mkono wangu, na kwa mkono wangu huo huo zikarudi tena. Nilichoka kugonga ule mlango. Mwisho jirani alikuja mwenyewe, akasimama ukumbini kwetu, baba yupo.

"Sikiliza," akamwambia mama. "Kila ukinipandisha bure unanikumbusha. Mimi nilikupa zamu kwa moyo wangu. Sikukuuzia mama yangu, hata sasa ukae unanilipa yeye. Chukua nauli kama unavyochukua ya watu."

Mama akalia. Baba akageuza uso dirishani, ingawa hakukuwa na alichokiona huko. Kuanzia hapo mama alichukua nauli, na wao wawili wakaendelea kuwa mashoga, labda zaidi ya mwanzo, ila kulikuwa na mambo ambayo hawakuyazungumza tena, na safari za Unguja zilikuwa mojawapo.

Lakini mzunguko mpya wa upatu ulipoanza, kabla kijumbe hajatikisa kikombe, mama alisema mbele ya watu wote, "Kwanza tuulizane. Nani ana mgonjwa? Nani ana mzee? Hao wasitoe kikaratasi, wachague wenyewe." Kulikuwa na minong'ono, maana vikaratasi havina upendeleo na watu wana upendeleo. Kijumbe akafikiri. Kisha akaweka kikombe chini, na hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote niliyoijua.

Desturi hiyo haikuponya kila kitu. Niliona kwa macho yangu zamu zilivyowafanyia wanawake wale. Mmoja alinunua friza, akauza barafu za ukwaju na zabibu kwa watoto wa mtaa mzima, akasomesha wanawe. Mmoja alinunua vitambaa, mvua kubwa ya siku moja ikaingia chumbani, vikaota ukungu. Mmoja alitoa fungu lote kwa harusi ya mwanawe, akashindwa kuendelea kuchangia, na tangu hapo akawa anapita njia ya mbali akienda dukani ili asikutane nasi. Wenzake walimlipia miezi iliyobaki. Hakuna aliyemdai. Hata hivyo hakurudi. Mama alikuwa akiipunguza mwendo gari akimwona kwa mbali, na yule mama alikuwa akijifanya anafunga kiatu.

Gari ya samawati iliishi kuliko ilivyotarajiwa. Ilibadilishwa klachi, ikabadilishwa rejeta, na mafundi wa Wadi Kabir wakamjua mama kwa kikohozi cha injini kabla hajakata kona. Kilichoimaliza biashara yake si injini. Ni walimu wenyewe. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, mmoja mmoja wakaanza kujifunza kuendesha. Walikuwa wamemtazama mama mikono yake kwa miaka. Wa kwanza alipopata leseni alileta halua, akambusu mama kichwani, na mama akamwombea dua, na mwezi ule akapungukiwa abiria mmoja. Kisha wa pili. Wa tatu alimwomba mama amfundishe mapipa, na mama akamfundisha.

Mwisho alibaki yule kijana wa Bustan, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, na jirani na kofia zake. Magoti ya mama yakaanza kuvimba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya karani. Siku moja ya joto aliipeleka gari Wadi Kabir, akamwambia fundi aichukue kwa vipuri. Tukarudi kwa teksi, mama nyuma pamoja nami, mkoba mapajani, akitazama nje kama mtu anayeuona mji kwa mara ya kwanza. Nadhani ilikuwa hivyo. Kwa miaka yote alikuwa ameiona barabara tu.

Fedha za vipuri hazikuwa nyingi. Alizipeleka zote kwa kijumbe kama mchango wa miezi ya mbele, akaomba zamu ya mwisho kabisa. Nilimuuliza anataka kununua nini.

"Sijui bado," akasema. "Nnataka nipate nafasi ya kufikiri."

Alifikiri mwaka mzima. Zamu yake ilipofika, ilikuwa Juni, alinunua kiyoyozi kipya akakifunga chumbani kwa baba, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kikinguruma tu bila kutoa baridi. Mchana ule tulifunga mlango na pazia. Baba akalala kitandani, mama na mimi kwenye mkeka chini, na baridi ikatushukia taratibu, kwanza miguuni, kisha usoni. Baba akauliza kama nje bado kuna jua. Mama akasema lipo. Baada ya hapo tukalala sote watatu mpaka tulipoisikia adhana ya alasiri.